Shangazi Ameshatoa Shukrani

Nshambya, Bukoba
Jumanne, 10 Juni 2025

Shangazi yangu Alistidia,

Shikamoo. Mwanao ni mzima, nakula vizuri, na kile kikohozi kimeisha kwa majani uliyonipa Pasaka. Nakuandikia kwa sababu ulinikataza kukueleza mambo makubwa kwa simu. Ulisema simu yako ya tochi inamwaga maneno uani kote, na jirani yako Penina ana masikio. Basi barua hii naikabidhi kwa Ildefons, anayeshusha ndizi hapa sokoni kila Jumanne na Ijumaa. Ameapa kukupa mkononi.

Shangazi, nimepata. Tena nimepata mara mbili! Vyuo viwili vimenikubali kusoma uzamili. Cha Dar es Salaam kinanipa uhusiano wa kimataifa: jinsi nchi na nchi zinavyokaa, zinavyogombana, zinavyoandikiana mikataba. Cha Dodoma kinanipa sera za umma: serikali inaamuaje mambo, nani anaandika miongozo, kwa nini shule hii inapata walimu na ile haipati. Mfadhili ni mmoja na atalipia kozi moja tu. Mwisho wa kujibu ni tarehe 15 Julai.

Barua zote mbili ziko mezani tangu Alhamisi, nikila naziangalia. Wenzangu hapa kwenye shirika letu la afya ya mama na mtoto kila mmoja ana lake. Yule wa takwimu anasema Dar, dereva anasema Dodoma kwa sababu ana shemeji kule. Mimi nataka neno lako. Wewe ndiye uliyenichukua nikiwa na miaka sita, baba na mama walipoondoka. Sitajibu chuo chochote kabla hujaniambia.

Mwanao,
Annastella


Kamachumu, Muleba
Jumatatu, 16 Juni 2025

Koku wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi nikaisoma tena, kisha nikampelekea Mzee Rutashobya aisome kwa sauti ili nijue macho yangu hayanidanganyi. Yee waitu! Binti wa kaka yangu Aroni, uzamili! Mvua imenyeshea kahawa yangu yote uwanjani kwa sababu nilisahau kuianua, na wala sijali.

Unaniuliza shauri? Shauri gani tena? Kimataifa! Ukakae na mataifa uyapatanishe, maana sisi hapa bado hatujapatana na mbuzi wa Rutashobya. Hiyo sera ya umma siielewi. Naona ni kukaa na mafaili, na mafaili hata Bukoba yapo. Tangu ukiwa darasa la nne tunasikiliza taarifa ya habari wote wawili, na mimi nasema, huyu wangu siku moja atasemea humo ndani ya redio. Leo unaniuliza!

Sasa sikiliza. Jana Jumapili nimeshapeleka sadaka ya shukrani. Nilikata mkungu mkubwa kuliko yote kibanjani, nikamkamata yule jogoo mwekundu, nikavaa kitenge ulichoninunulia. Mchungaji akaniita mbele. Nikauambia usharika mzima kwamba mtoto wangu anakwenda kusomea uhusiano wa kimataifa na ataiwakilisha nchi. Vigelegele! Mchungaji akaniwekea mikono, akakuombea kwa jina, akayaombea na mataifa yenyewe yakupokee. Kwenye mnada baada ya ibada jogoo wako aligombewa na watu wanne mpaka Rutashobya akamchukua. Na Penina, ambaye miaka mitatu hanipi nafasi ya kupumua na mwanawe wa Norwe, alininunulia soda. Penina!

Kwa hiyo, mwanangu, limekwisha. Shukrani ikishafika madhabahuni hairudi nyumbani. Wajibu hao wa Dar.

Shangazi yako,
Alistidia

Ildefons nimempa maparachichi sita akuletee. Akikupa manne niambie.


Nshambya, Bukoba
Ijumaa, 20 Juni 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa barua yako. Asante kwa shukrani uliyonitolea kanisani, na asante kwa mkungu na jogoo. Asante kwa maparachichi, yamefika yote sita. Asante kwa kunifikiria siku zote. Nimekuelewa, na ninakushukuru kwa kunisaidia kuamua. Nitawajibu Dar es Salaam.

Naomba unishukurie mchungaji na Mzee Rutashobya. Nashukuru kwa yote uliyonitendea tangu utoto wangu, ambayo siwezi kuyarudisha. Asante tena.

Mwanao mtiifu,
Annastella


Kamachumu, Muleba
Jumatatu, 23 Juni 2025

Koku,

Marahaba. Barua yako ina adabu mno. Ijumaa nilipoipokea niliipenda, Jumamosi ikaanza kunikereketa, jana baada ya ibada nikakaa jikoni nikahesabu. Asante na shukrani ziko tisa. Tisa, kwenye karatasi ambayo haikujaa hata nusu!

Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakupikia uji wa ulezi. Usipoutaka hukusema hutaki. Ulisema, “Asante Shangazi, nimeshiba,” halafu ukaenda kuumwaga kwenye mgomba nyuma ya jiko. Mgomba ule ulinenepa kuliko wewe. Ulidhani sioni? Nilikuwa naona, nikasema mwache, yatima huyu anaogopa kwamba akikataa chakula atafukuzwa. Nilisubiri uzoee. Kumbe una miaka ishirini na tisa na hujazoea.

Mtoto wangu akifurahi hashukuru namna hii. Akifurahi anapiga kelele, anasahau hata kusalimia. Ulipofaulu kidato cha nne ulikuja mbio ukanikumbatia nina samadi mpaka viwikoni.

Sasa niambie, uji ni upi hapa? Sikuulizi kwa hasira. Hasira ninayo kidogo, lakini ni ya huyu mbuzi. Niandikie unachokitaka, kwa maneno yako mwenyewe, na usinishukuru hata mara moja.

Alistidia


Nshambya, Bukoba
Alhamisi, 26 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Haya basi. Sitaki Dar. Nataka Dodoma.

Nimeyaandika hayo nikaiacha karatasi mezani, nikaenda kufua, nikarudi. Bado yapo, na bado ni kweli.

Nikueleze. Mwezi wa tatu tulitumwa kijiji kimoja cha Bukoba Vijijini, jina nitakuambia ana kwa ana. Wanakijiji wamejijengea wodi ya wazazi. Wanaume walifyatua tofali, wanawake walipandisha maji ya zege kichwani kutoka bondeni. Imekamilika miaka mitatu sasa. Ina bati, ina madirisha, ina rangi, na ina kufuli. Pale nilimkuta mama anaitwa Celina. Alijifungulia kwenye baraza ya wodi hiyohiyo, mgongo ameuegemeza kwenye mlango uliofungwa, mvua inanyesha, jirani zake wamemzungushia vitenge. Mtoto ni mzima, namshukuru Mungu, ana mashavu hayo!

Mimi nikawaka. Nikaenda kumtafuta mtu wa kumgombeza. Nikamkuta afisa mmoja mpole, amechoka, akanifungulia mwongozo akanionyesha kwa kidole. Wodi haifunguliwi mpaka iwe na muuguzi. Muuguzi hapangwi mpaka wodi iwe imeandikishwa kwamba inafanya kazi. Yule baba ameshaandika juu ya jambo hilo mara nne. Shangazi, nilitafuta mtu mbaya nikamkosa. Ni sentensi mbili kwenye karatasi ndizo zimeshika lile kufuli. Aliyeziandika hakuwa na nia mbaya, hakujua tu kuna mtu anaitwa Celina. Mimi nataka kujifunza namna ya kuziandika upya, na nani apelekewe, na asipojibu ufanyeje. Ndilo somo la Dodoma.

Siku ile naondoka, Celina alinishika mikono yote miwili akanishukuru, akaniambia kasinge. Kwa nini? Sikuwa nimefanya lolote, niliuliza tu. Neno lile linanisumbua mpaka leo.

Ile fomu ya Dar niliijaza kwa ajili yako, kwa sababu ya redio. Nilidhani watanikataa, nami ningekuwa nimekuheshimu bila kwenda. Wakanikubali!

Kuna baya zaidi. Ijumaa ile niliyokuandikia zile asante tisa, niliwajibu Dar kwamba nakwenda. Mfadhili nilimwambia. Dodoma niliwaandikia kwamba siji. Nilifanya haraka nisije nikageuka. Kwa hiyo nimekueleza kwa kuwa umeuliza, si ili ufanye neno. Nitakwenda Dar na nitasoma kwa bidii. Umesimama mbele ya usharika ukasema jambo, na mimi siwezi kuligeuza liwe uongo. Watu wangekusema kila Jumapili, na wewe umeshasemwa vya kutosha kwa ajili yangu.

Koku


Kamachumu, Muleba
Jumapili, 29 Juni 2025

Koku wangu,

Nimesoma, nimelia, nimenawa uso, nimesoma tena. Ningekuwa na miguu ya zamani ningekuja huko Nshambya kukuchapa, halafu nikupikie.

Dar hutakwenda kwa ajili yangu. Nakukataza. Unasikia?

Na mimi nina langu la kukuambia, nimelificha muda mrefu. Tulipomzika baba yako, ukoo ulikaa kikao hapa uwanjani kupanga wewe ukae wapi. Walitaka kukupeleka Biharamulo kwa mtu ambaye hata hakuwa amekuja msibani. Nikasimama nikasema, Koku ni wangu. Mmoja wao, simtaji maana ameshatangulia, akasema, “Mwanamke aliyerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa, anayelima kibanja cha kaka yake, atamfikisha wapi mtoto?” Wakacheka. Hawakucheka sana, lakini nilisikia. Wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu na kandambili mguu mmoja.

Miaka ishirini na tatu swali lile ninalo. Nikilima ninalo, nikianika kahawa ninalo. Uliponiandikia “kimataifa”, nikasema ewaa, jibu hilo! Nimemfikisha kwenye mataifa! Sikukuuliza wewe mwenyewe unataka kufika wapi. Nilikamata jogoo nikakimbia. Haraka haraka haina baraka, nami najua methali hiyo tangu shule ya msingi, na haikunisaidia kitu.

Unaandika kwamba huwezi kunirudishia niliyokutendea. Nani amekuomba? Mwaka ule nilipolazwa wiki tatu, ukiwa darasa la sita, ulikuwa unakuja hospitali kila jioni kunisomea Zaburi, unaruka mistari ili niwahi kulala. Niliona unaruka. Nilimshukuru Mungu kwa ile mistari uliyoruka kuliko ile uliyosoma. Nilikuchukua ukawa mtoto wangu, basi, hesabu iliishia hapo. Sikukuchukua uje uwe jibu langu kwa watu wa kikao.

Leo nilikwenda kwa Penina nikamweleza yote kabla hajayasikia kwa wengine. Nilikuwa nimejiandaa anicheke. Akaniletea kahawa ya kutafuna, akakaa, akasema mwanawe wa Norwe hajaandika tangu Krismasi. Zile habari zote za theluji alikuwa anazitunga. Tukatafuna kahawa tu. Penina maskini. Kesho nitampelekea maharage.

Sasa wewe waandikie Dodoma. Si unataka kujifunza kuandika sentensi za kufungua mlango? Anza na huo ulioufunga mwenyewe. Waambie kweli yote, usipambe. Wakikataa utaomba tena mwakani, na mwaka huu utakuja kunisaidia kuvuna. Mambo ya kanisani niachie mimi.

Shangazi yako,
Alistidia


Nshambya, Bukoba
Ijumaa, 11 Julai 2025

SHANGAZI!

Wamekubali! Wamekubali, wamekubali! Dodoma! Naandika mbio, Ildefons ananipigia honi hapo nje, na ndizi zenyewe hajamaliza kushusha!

Niliandika mara nne. Ile ya kwanza ilikuwa na “samahani” nyingi, nikasikia sauti yako ukizihesabu, nikaichana. Ya nne nikasema tu: niliikataa nafasi yenu kwa sababu shangazi yangu alikuwa ameshaitolea nafasi nyingine shukrani kanisani, mkungu mmoja na jogoo mmoja, nami nilimwogopa kumwambia ninachokitaka. Sasa nimemwambia. Kama nafasi bado ipo, naiomba. Kisha nikawaeleza habari za kufuli.

Mama mmoja wa udahili akanipigia simu. Akauliza, “Binti, hii ya jogoo ni kweli?” Nikamwambia ni kweli, mama. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema nafasi yangu hawajampa mtu, lakini mfadhili aandike mwenyewe kwamba amekubali kubadilisha. Mfadhili alikaa kimya siku nane. Siku nane, Shangazi! Nilikonda. Asubuhi hii ndiyo amejibu. Dar nimewaomba radhi, nao wamenijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Naanza Oktoba.

Na sasa nikuombe ruhusa. Ulinikataza kukushukuru na nimetii wiki mbili nzima, nimechoka kutii. Sikushukuru kwa chakula, wala kwa ada, wala kwa sare za shule. Nakushukuru kwa kuwa uliiona ile barua yangu ya adabu ukakataa kuipokea. Ungeipokea tu ingekuwa rahisi kwako. Ungekuwa na mtoto wa kimataifa, na Penina angekuwa anakununulia soda mpaka leo. Ukakaa jikoni ukahesabu. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angehesabu.

Lakini Jumapili utawaambia nini? Nilitaka nije nisimame nawe, lakini nimepangiwa kazi Kaagya Jumamosi na Jumapili. Usinisemee uongo. Na wakicheka, niambie ni nani, nitakuja.

Koku wako

Shikamoo! Nimesahau kusalimia.


Kamachumu, Muleba
Jumatatu, 14 Julai 2025

Koku wangu,

Marahaba ya mwisho wa barua, ndiyo tamu. Nilipoona umeanza kwa kelele bila salamu nilijua hata kabla ya kusoma. Nilipiga kigelegele peke yangu uani, mbuzi wa Rutashobya akakata kamba akakimbia. Heri.

Nikueleze ya jana. Mkungu wa maana sikuwa nao tena, nikabeba mayai na kikapu cha maharage. Usiku wote nilikuwa nimejisemea, Alistidia, utaongea mambo matatu na utakaa. Zilipoitwa shukrani nikasimama na mayai yangu. Penina alinishika kiwiko akanisukuma kidogo. Mchungaji akaniinamia, akaninong'oneza, “Mama, shukrani nyingine tena?” Nikamwambia, “Baba Mchungaji, ile ya kwanza niliikosea.”

Nikawageukia watu. Nikasema mtoto wangu haendi kwenye mataifa. Nilikuja hapa nikawatangazia nilichokitaka mimi, yeye akanyamaza kwa heshima. Anakwenda Dodoma kusomea sera. Nikaona nyuso zao, hawajaelewa, kama mimi mwezi uliopita. Basi nikawaeleza habari za Celina na mlango. Koku, watu wakainua shingo! Kisha mama mmoja upande wa kwaya akasema kwa sauti, “Na sisi kisima chetu je?” Mwingine akasema, “Na mwalimu wa hesabu?” Rutashobya akasimama, akasema ukimaliza masomo uulizwe kuhusu daraja la mtoni, kwamba yeye ana barua zake tangu zamani na atakuonyesha. Mchungaji ilibidi agonge meza. Kwa hiyo kazi unayo, mwanangu, hujafika hata chuoni. Uje na daftari.

Waliocheka walikuwepo, wawili, siwataji usije ukapanda gari la Ildefons bure. Wakicheka wacheke. Nilijitazama nikaona haijaniuma. Ile ya kwenye kikao cha ukoo iliniuma miaka yote hiyo, hii ya jana ilipita tu, na nilikuwa nimeshika mayai yangu na sikuvunja hata moja.

Watu walipotulia, Mchungaji akasema, “Sasa mama, tunamshukuru Mungu kwa lipi hasa, tusije tukakosea tena?” Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema: masomo, mfadhili, yule mama wa simu aliyekohoa. Yote yakanitoka kichwani. Nikasimama pale nikafikiria wewe.

Nikawaambia, “Mtoto huyu nilimpokea ana miaka sita. Miaka ishirini na tatu ananiambia ndiyo, nami sikujua kwamba anaogopa. Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza, ameniambia sitaki. Mshukuruni Mungu pamoja nami. Sasa amejua kwamba hapa ni kwao.”

Shangazi yako,
Alistidia